Usichuje spesi kwa lupu: maongezi yangu kwa wanaoandika plagini za wiki

(Haya niliyasema jioni moja hapa Dar mbele ya vijana wanaoandika programu, wengi wao ndo wanaanza kazi. Nimeyaandika kama yalivotoka mdomoni, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

Habari za jioni jamani. Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu mambo vipi. Asanteni kwa kuja, najua mmetoka kazini na foleni ya leo mnaijua wenyewe, kwa hiyo sitawazungusha.

Nimeambiwa niongelee plagini za wiki, na mimi nikasema sawa ila nitaongelea kitu kimoja tu ndani ya plagini, nacho ni jinsi ya kuchuja spesi kwa lebo, yani lile neno linalobandikwa kwenye kitu ili kukipanga. Najua kuna mtu hapo nyuma anajiuliza hivi kweli kuchuja orodha kwa neno moja ni jambo la kumkalisha mtu saa nzima? Mimi nilifikiri hivo hivo, nikaandika mistari 7, na ile mistari 7 ikanifundisha kuliko kozi yoyote niliyowahi kulipia.

Kwanza tuelewane maneno, maana ukisema wiki kwa Kiswahili mtu anafikiria Jumatatu mpaka Jumapili. Hii wiki nyingine ni neno la Hawaii, maana yake haraka. Ward Cunningham wa Marekani alilichukua kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu lililokua linaitwa Wiki Wiki, akaiita hivo tovuti yake aliyoifungua tarehe 25 Machi 1995, tovuti ambayo mtu yeyote akiisoma anaweza pia kuiandika. Na ngoja niwape kitu ambacho mimi kilinishangaza sana nilipokisoma, kule mwanzo kabisa hakukua na lebo. Walichofanya watu ni kuandika chini ya ukurasa wao jina la ukurasa mwingine linaloanza na Category, halafu ukitaka kujua kurasa zote za aina hiyo unauliza tu ni kurasa gani zinaelekeza kwenye jina lile. Yani haja ya kupanga vitu kwa neno ilikuwepo kabla hata ya kitufe cha kupangia, watu wakaitafutia njia wenyewe.

Wiki ninayoongelea leo ni Confluence, ya kampuni ya Atlassian ya Sydney, ile iliyoanzishwa 2002, na Confluence yenyewe ikatoka 2004. Humo kurasa zinakaa ndani ya spesi. Spesi ichukulie kama chumba, idara ina chumba chake, mradi una chumba chake, na hata mtu binafsi anaweza kua na chake, utakitambua kwa sababu ufunguo wake unaanza na kile kialama cha wimbi. Na plagini ni kipande cha programu unachokiandika kwa Java ukakichomeka ndani ya ile seva kikaongeza kitu ambacho hakikuwepo.

Haya, sasa kisa.

Kulikua na taasisi moja, jina sitaji, wana Confluence kwenye seva yao wenyewe. Kila mradi ukianza inafunguliwa spesi, mradi ukiisha spesi inabaki pale pale, hakuna anayefunga. Baada ya miaka kadhaa orodha ya spesi imekua ndefu mpaka mtu anakata tamaa kuisogeza. Mkuu wao wa TEHAMA akaniita, mzee mmoja mstaarabu sana, akaniambia kijana wangu nataka kitu rahisi, mtu wa fedha akifungua ukurasa wa idara yake aone spesi zote zenye lebo ya fedha, mtu wa mafunzo aone za mafunzo, basi. Nikamwambia mzee hiyo kazi ya siku mbili.

Nikakaa nikaandika makro, yani kile kipande cha plagini unachokiweka ndani ya ukurasa kikajaza orodha chenyewe. Kiini chake kilikua hiki:

for (Space s : spaceManager.getAllSpaces()) {
    for (Label l : s.getDescription().getLabels()) {
        if (l.getName().equals("fedha")) {
            orodha.add(s);
        }
    }
}

Angalieni vizuri. Chukua spesi zote, kila moja tazama lebo zake, ikiwa na jina fedha weka kwenye orodha. Inasomeka kama Kiswahili cha darasa la tatu. Nikawasha atlas-run, ile amri inayowasha Confluence ya majaribio, kwenye laptop yangu, ikapanda pale localhost:1990/confluence, nikaingia kwa admin na neno la siri admin, kulikua na ile spesi ya mfano inayokuja na SDK, vile vifaa vya Atlassian vya kuandikia plagini, na mimi nikaongeza mbili za kwangu, nikabandika lebo, orodha ikatoka kabla sijapepesa jicho. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia mzee.

Tukaiweka kwenye seva yao asubuhi. Nilikua nimesimama masijala nyuma ya dada mmoja anayepokea mafaili, maana ukurasa wake ndo ulikua wa kwanza kuwekewa makro. Akaufungua. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, mpaka akaniangalia kuona kama ndo kawaida. Orodha ikatoka. Akaanza kuisoma kwa kidole kwenye kioo, hivi, Bajeti, Malipo ya Wazabuni, Ukaguzi wa Ndani, halafu kidole kikasimama. Kulikua na spesi inaitwa Upunguzaji wa Wafanyakazi.

Akabofya. Ikamwambia huna ruhusa ya kuona. Akarudi nyuma, jina bado lipo pale pale. Akageuka akaniuliza taratibu tu, "Kaka, hii ni ya nini?"

Mimi sikujua ni ya nini. Nilichojua ni kwamba hakutakiwa kuiona, na kwamba ameiona kwa sababu yangu. Ile spesi ilikua ya watu wanne watano tu wa juu, ilibandikwa lebo ya fedha kwa sababu kiinua mgongo kinapigiwa hesabu na watu wa fedha, hakuna aliyekosea kuibandika. Confluence yenyewe ilikua imeificha miezi yote hiyo vizuri kabisa. Nikaja mimi na mistari yangu 7 nikaitoa barazani.

Ndo maana nimekuja kuwaambia haya leo. Sio mambo ya kupunguza milisekunde. Kuna mtu alienda nyumbani siku ile hajui kama mwezi ujao ana kazi, na habari ile hakuipata kwa bosi wake, aliipata kwenye makro.

Sasa tuifungue ile lupu, yani ule mzunguko wa for unaopita spesi moja moja, tuone ina nini.

Kosa kubwa kuliko yote ni getAllSpaces yenyewe. Nadhani wengi wetu tunadhani ukiwa ndani ya mfumo basi mfumo unakulinda. Hapana. Ndani ya Confluence zile klasi zinazoitwa Manager zinakuamini. Wewe ni plagini, umeshaingia ndani ya nyumba, ukisema nipe spesi zote inakupa spesi zote, haikuulizi unamuulizia nani. Ulinzi anaouona mtumiaji, ule wa "huna ruhusa", uko mbele kwenye mlango wa ukurasa, na wewe umepitia mlango wa jikoni. Kwa hiyo ruhusa ni kazi yako, na usipoitaja kwenye swali lako basi umeuliza kwa jina la mfumo halafu jibu umempa mtu.

Hilo nataka mlishike. Kila orodha inayotoka kwenye plagini imeulizwa na mtu fulani. Dada wa masijala ndo aliyeuliza, sio plagini yangu. Lazima jina lake liwemo ndani ya swali.

La pili ni aina ya lebo, na hapa hata watu wazoefu wanateleza. Lebo kwenye Confluence sio moja, zina ukoo. Kuna lebo ya wote, ile ya kawaida unayobandika kwenye ukurasa. Kuna lebo binafsi inayoanza na my: na hii ni ya mtu mmoja tu, mwingine haimuhusu. Na kuna lebo ya timu, team: na hii ndo ile inayoitwa kategoria ya spesi kwenye skrini ya mipangilio, ile ambayo msimamizi wa spesi ndo anaiweka. Nyota ile ya kupenda spesi, unajua ilikua inahifadhiwaje? Kama lebo binafsi, my:favourite. Kwa hiyo spesi moja inaweza kua imebeba lebo za watu kibao juu ya mgongo wake bila wewe kuziona.

Sasa mimi pale nimeita getLabels, hii inaleta lebo zote, halafu nikalinganisha jina peke yake. Kama kuna afisa mmoja aliibandika spesi ya michezo lebo yake binafsi ya fedha ili akumbuke kudai posho yake, ile spesi inaingia kwenye orodha ya idara nzima. Na kweli kulikua na moja ya hivo, nilikuja kuiona baadaye nikikagua. Mtu kaandika kikaratasi chake mwenyewe mimi nikakibandika ubaoni.

Na kinyume chake nacho kipo, ukiuliza lebo fedha bila kiambishi unapewa ile ya wote, wakati wasimamizi wameweka team:fedha. Orodha inatoka tupu, unakesha unatafuta kosa na msimbo wako hauna kosa, umeuliza ndugu yake. Jina moja, koo tofauti. Hii imeshakula usiku wa watu wengi.

Kitu kingine cha kujua hapo hapo, lebo za spesi hazikai kwenye spesi. Zinakaa kwenye maelezo ya spesi, ndo maana mnaona getDescription pale katikati. Maelezo ya spesi kwenye databezi ni kipande cha maandishi kama kilivo ukurasa, na lebo zinashikamana na maandishi. Ukiwa unabandika lebo kwa msimbo unabandika kwenye yale maelezo. Nimeona mtu ametafuta addLabel kwenye klasi ya Space siku nzima.

La tatu ni ule mzunguko wa kiduara. Confluence inaongea na databezi kupitia Hibernate, na Hibernate ni mvivu kwa makusudi, haileti kitu mpaka ukiguse. Ukigusa lebo za spesi ya kwanza inaenda databezi, ya pili inaenda tena, ya tatu inaenda tena. Spesi tatu kwenye laptop yangu hata huoni. Kwenye seva yenye mamia ya spesi na watu asubuhi wote wanafungua ukurasa wa mbele kwa wakati mmoja, ni sawa na kumtuma mtoto dukani akalete chumvi, akirudi unamtuma kiberiti, akirudi unamtuma sabuni. Mpe orodha aende mara moja! Kama mnataka kuona kwa macho, ingieni kwa admini sehemu ya logi mkawashe logi za SQL, fungueni ukurasa mara moja tu halafu hesabuni mistari. Mimi nilihesabu mpaka nikaacha.

La nne dogo, spesi zilizowekwa kumbukumbu, zile za miradi iliyokufa, nazo zilikuwemo. Mtu anabofya mradi wa zamani anadhani bado upo.

Haya sasa, niliandika nini badala yake.

Label lebo = labelManager.getLabel("team:fedha");
if (lebo == null) {
    return Collections.emptyList();
}
SpacesQuery swali = SpacesQuery.newQuery()
    .withLabel(lebo)
    .forUser(AuthenticatedUserThreadLocal.get())
    .withPermission(SpacePermission.VIEWSPACE_PERMISSION)
    .withSpaceType(SpaceType.GLOBAL)
    .withSpaceStatus(SpaceStatus.CURRENT)
    .build();
List<Space> spesi = spaceManager.getAllSpaces(swali);

Soma kama sentensi. Nipe spesi zenye lebo ya timu ya fedha, ambazo mtu huyu, anaruhusiwa kuziona, sio za watu binafsi, na bado ziko hai. Swali zima linashuka chini kwenye databezi kwa pamoja, kule ndo kuna faharasa, kule ndo kazi ya kuchuja inapofanyika vizuri. Kinachopanda juu kwako ni majibu tu. Spesi ya upunguzaji haikuja na ikafichwa, haikuja kabisa, haikugusa hata kumbukumbu ya makro yangu, kwa hiyo siwezi kuivujisha hata nikitaka, hata nikikosea kwenye kuchora ile orodha. Hapo mimi ndo nililala usingizi.

Ule mstari wa null msiuruke tafadhali. Lebo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitumia haipo, unapewa null. Sasa nimeona watu wanaandika kwa upole, kama lebo sio null basi iongeze kwenye swali, na kama ni null wanaendelea tu. Mnaona kinachotokea? Swali linabaki bila lebo, mtu kaandika "fedah" kwa haraka na anapewa spesi zote anazoruhusiwa. Aliuliza kidogo akapewa kila kitu. Kisichokuwepo kijibiwe kwa orodha tupu, na umwambie mtumiaji lebo hii haipo ili ajue amekosea herufi.

Kama orodha ni ndefu tumieni getSpaces badala ya getAllSpaces, inakupa ListBuilder, unavuta ukurasa kwa ukurasa kwa getPage, anzia hapa nipe kumi. Mtu hasomi spesi mia mbili kwa mara moja.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho kilitaka kunirudisha pale pale nilipotoka, kashe. Baada ya marekebisho mzee akaniambia vizuri sana ila ule ukurasa wa mbele unafunguliwa na kila mtu, huwezi kuhifadhi jibu kwa dakika chache? Wazo zuri. Nikaandika hifadhi ya muda, ufunguo ni jina la lebo, thamani ni orodha. Nikatulia. Halafu nikiwa naoga, nasema kweli, ikanijia, ufunguo ni lebo peke yake! Yani mkurugenzi akifungua ukurasa saa mbili asubuhi orodha yake inahifadhiwa kwa jina fedha, na dada wa masijala akifungua saa mbili na dakika moja anapewa orodha ya mkurugenzi. Nimetoka mlangoni nimerudi dirishani. Nikatoka bafuni na povu. Ufunguo wa kashe lazima uwe lebo pamoja na mtu, na kama ruhusa zimebadilika uwe tayari kuitupa. Kama hiyo inakusumbua basi usiweke kashe, lile swali peke yake lilikua jepesi vya kutosha, mimi mwishowe niliitoa.

Na kazi za usiku, zile zinazojiendesha zenyewe kutuma barua pepe ya wiki, wiki ya siku saba hii. Huko hakuna mtu aliyeingia, ile AuthenticatedUserThreadLocal inayosema nani ameingia inakupa null, na null maana yake mgeni asiyejulikana. Kwa hiyo barua inatoka tupu, halafu kijana anasema aah ngoja niuondoe ukaguzi wa ruhusa basi, inafanya kazi. Ndio inafanya kazi, inamtumia kila mtu kila kitu. Hapana. Zunguka kwa kila mpokeaji, uliza kwa jina lake, andika barua yake.

Dada pale mbele kaniuliza kabla hatujaanza, vipi wale wa Cloud, yani wanaotumia Confluence iliyo kwenye seva za Atlassian wenyewe. Swali zuri maana Atlassian walimaliza kusaidia toleo la Server tarehe 15 Februari 2024, waliobaki kwenye mashine zao wako kwenye toleo la Data Center, wengi wamehama. Kule Cloud plagini ya Java huchomeki, unaandika programu ya Forge, jukwaa la Atlassian la programu za Cloud, kwa JavaScript, na spesi unaziomba kwa REST, yani kwa maombi ya mtandao, njia ni /wiki/api/v2/spaces na kuna kigezo labels unakipa lebo zako. Majibu yanakuja 25 kwa kawaida, ukitaka zaidi unasema, mwisho ni 250 kwa mara moja, na zinazobaki zinakuja kwa kiungo cha ukurasa unaofuata. Nimeona programu inayoonyesha spesi 25 kamili kwa kila mtu na hakuna aliyeshangaa kwa muda mrefu kwamba kila idara ina 25 tu, hakuna inayozidi. Fuateni kile kiungo mpaka kiishe.

Lakini angalieni hili, ndani ya Forge unapoita unachagua asUser au asApp. Ni lile lile swali la masijala limevaa nguo nyingine. asApp ni programu inauliza kwa jina lake yenyewe na inaona mpaka ilipopewa kuona, asUser ni mtu aliye mbele ya skrini ndo anauliza. Ukiwa unachora orodha ya mtu, asUser. Kuna siku asApp itakua rahisi zaidi, itakuondolea usumbufu wa kumuomba mtu idhini, na siku hiyo ndo umkumbuke yule dada na kidole chake kwenye kioo.

Nataka niongelee kidogo upande wa Kiswahili maana huu hauko kwenye nyaraka zao. Lebo kwenye Confluence haina nafasi ndani yake. Mtu wetu akiandika rasilimali watu, zinatoka lebo mbili, rasilimali, na watu. Nimekuta spesi imebandikwa lebo "ya". Ya nini? Ya "mali ya umma". Kwa hiyo lazima mkae na watumiaji kabla hamjaandika mstari hata mmoja, mkubaliane ni rasilimali-watu kwa kistari, herufi ndogo zote maana mfumo unazishusha zenyewe, na nukta mbili hairuhusiwi kwa sababu ndo inayotenganisha ukoo na jina. Na mkubaliane neno. Fedha au pesa au finance? Kule kwa wale jamaa zilikuwepo zote tatu na kila moja ina spesi zake, plagini yako inaweza kua safi kama theluji ya Kilimanjaro na bado ikatoa theluthi ya ukweli.

Hapo mimi sikuandika msimbo. Nilimwambia mzee tuite wasimamizi wa spesi, tukae mezani. Tukakaa asubuhi nzima na chai na maandazi, tukatoka na maneno 14 kwenye karatasi moja, ikabandikwa ukutani na makro ikapewa orodha ya kuchagua badala ya kisanduku cha kuandika. Mama mmoja wa ugavi alipigania neno manunuzi dhidi ya ununuzi mpaka akashinda, na alikua sahihi, ndo neno wanalosema kila siku pale.

Na mkipewa lebo mbili kwa mpigo, fedha na mafunzo, ulizeni kabla: mnataka spesi zenye zote mbili au yenye mojawapo? Mtumiaji anasema "na" akimaanisha "au". Kwenye kutafuta kurasa kwa CQL, lugha ya utafutaji ya Confluence, label in na mabano ni mojawapo, label = hii and label = ile ni zote mbili. Msikisie, tengenezeni spesi tatu za majaribio, moja ina ya kwanza, moja ina ya pili, moja ina zote, endesha uone zipi zinatoka.

Majaribio ndo hasa nilipokosea mimi tangu mwanzo. Nilijaribu kama admin, na admin anaona yote, kwa hiyo nisingeweza kuliona kosa hata ningejaribu mwezi mzima. Siku hizi kabla ya kuandika makro natengeneza watu watatu kwenye ile localhost, mmoja admini, mmoja mfanyakazi wa kawaida, na mgeni asiyeingia. Halafu spesi moja naiwekea lebo sahihi na naifunga kwa admini peke yake. Jaribio la kwanza kabisa kuandikwa ni hilo, mfanyakazi wa kawaida akiuliza lebo ile, spesi ile isiwepo. Linaanza kwa kushindwa, halafu ndo naanza kazi.

Namalizia kisa maana naona mnasubiri. Ile jioni niliondoa makro, nikarekebisha, kesho yake asubuhi nikarudi masijala. Dada akafungua ukurasa, orodha ikaja upesi. Akaisoma tena kwa kidole, Bajeti, Malipo ya Wazabuni, Ukaguzi wa Ndani, akafika mwisho. Akaniangalia. "Ile nyingine imeenda wapi?"

Nikamwambia haikutakiwa kuonekana, kosa lilikua langu, na yaliyomo ndani siyajui. Akanyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo ipo." Nikashindwa kumjibu. Nilipanda juu kwa mzee nikamweleza yote, jina lilivoonekana na nani aliliona, na yeye akachukua simu akawapigia wakubwa wenzake pale pale mimi nikiwa nimesimama. Mkutano wa wafanyakazi ukaitishwa wiki ile ile badala ya mwezi uliofuata. Kilichosemwa mle ndani sio changu kukisema hapa.

Haya, nimemaliza. Kama kuna mtu ana plagini yake inayotoa orodha ya spesi, asogee hii meza ya mbele na laptop, tuingie kama mfanyakazi wa kawaida tuone inatoa nini. Chaja ninayo.